Maji Hayangoji Jumanne

Swali la "mara ngapi?" huja mapema katika kila mpango wa kupima ubora wa maji, na mara nyingi hujibiwa kabla mtu hajaenda kuyatazama maji yenyewe. Gari la ofisi linapatikana Jumanne. Maabara hupokea chupa hadi saa tisa alasiri. Bajeti inatosha sampuli 12 kwa kila kituo. Basi inaandikwa: mara moja kwa mwezi, Jumanne ya kwanza, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Mwaka ukiisha ripoti hutoka na jedwali safi na wastani wa kila kipimo, na wanaoishi kando ya mfereji huambiwa kwamba maji yao hayana tatizo kubwa.

Ratiba ni jambo jema, na bila ratiba hakuna kumbukumbu ya kulinganisha mwaka huu na mwaka ujao. Ninachopinga ni ratiba iliyozaliwa ofisini. Maji ya mfereji yana mwendo wake, saa zake na misimu yake, na idadi ya sampuli ni jambo la kuamuliwa mwisho, baada ya kuujua mwendo huo.

Nitachukua Mwea, kwa sababu karibu kila tatizo la jambo hili linaonekana pale. Mashamba ya mpunga ya Mwea yako Kirinyaga, chini ya Mlima Kenya, kama kilomita 100 kaskazini-mashariki mwa Nairobi. Mradi ulianza miaka ya 1950, na mifereji ya mwanzo ilichimbwa kwa jasho la watu waliowekwa kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau. Maji hutoka mito miwili, Nyamindi na Thiba, na tangu 2022 Bwawa la Thiba huhifadhi maji ya kusaidia wakati wa uhaba. Hapo ndipo unapotoka mchele wa pishori ambao jiko la Kenya linaujua kwa harufu kabla ya ladha. Lakini mfereji wa Mwea haulishi mpunga tu. Watu hufulia humo, hunywesha ng'ombe humo, watoto huoga humo, na wapo wanaochota maji ya nyumbani. Chupa ya sampuli ikidanganya, hawa ndio wanaodanganywa.

Mto hutawaliwa na mvua, jua na udongo wa bonde lake. Mfereji hutawaliwa na lango. Mtu akilifungua, maji hukimbia na kuzoa tope lililotulia. Akilifunga, maji yaliyobaki husimama, hupata joto, na mwani hushamiri. Maji yakiwa haba hugawiwa kwa zamu, kwa hiyo mfereji wa tawi uliojaa leo unaweza kuwa na vidimbwi tu kesho kutwa. Kabla ya kupandikiza, majaruba huchavangwa kwa trekta au ng'ombe, na maji yanayorudi kwenye mitaro ya kutolea huwa mazito kwa tope. Halafu huja mbolea ya kukuzia, halafu dawa za wadudu. Yote hayo ni maamuzi ya binadamu na yana tarehe. Mtaalamu wa mito aliyezoea kusoma mvua lazima, akifika kwenye mfereji, ajifunze kusoma kalenda ya wakulima. Sioni njia ya mkato hapo. Mtu wa kwanza wa kukaa naye chini ni mgawa maji, na swali la kwanza ni jepesi: "Mzee, wiki hii lango lilifunguliwa lini, na litafungwa lini?"

Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu ndiyo inayoonyesha jinsi sampuli ya mwezi ilivyo nyembamba. Tuseme maji yanakwenda nusu mita kwa sekunde, mwendo wa kawaida kwa mfereji. Hiyo ni kilomita 1.8 kwa saa. Mtu akimwaga maji machafu kwa muda wa saa 2, uchafu huo unakuwa kipande kirefu cha kilomita 3.6 kinachosafiri na mkondo. Kitapita mbele ya kituo chako kwa muda wa saa 2 hivi, kisha kimekwenda. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Chupa moja iliyochukuliwa saa yoyote ya mwezi huo ina nafasi 1 kati ya 360 ya kukidaka. Chukua kila wiki badala ya kila mwezi, na kwa wiki hiyo nafasi ni 1 kati ya 84. Umeongeza gharama zaidi ya mara nne na bado karibu hakika utakikosa.

Ndiyo maana uchafuzi wa ghafla usipangiwe chupa kabisa. Usiku wa kuamkia Novemba 1, 1986, ghala la kampuni ya Sandoz liliungua Schweizerhalle, karibu na Basel, Uswisi. Maji ya kuzimia moto yalizoa kemikali za kuulia wadudu hadi mto Rhine. Mto ukageuka mwekundu, na mikunga wakafa kwa wingi mno kuelekea chini. Nchi za bonde hilo hazikujibu kwa kuongeza safari za chupa peke yake. Ziliimarisha vituo vinavyopima mfululizo na mtandao wa kupeana tahadhari, ili wa chini aambiwe na wa juu kabla maji hayajamfikia. Mfereji wa Mwea hauhitaji mitambo ya Rhine, lakini unahitaji wazo lile lile: anayeona samaki wamekufa au maji yamebadilika rangi awe na namba ya simu ya kupiga, na kuwe na chupa safi karibu, si umbali wa saa mbili.

Uchafuzi unaojirudia ni habari nyingine, na hapo ndipo idadi ya sampuli inapokuwa na maana. Chukua tatizo linalotokea siku 1 kati ya kila 10. Sampuli 12 kwa mwaka, siku zikiwa zimechaguliwa kwa bahati nasibu, zina uwezekano wa asilimia 28 wa kulikosa kabisa. Sampuli 24 hupunguza uwezekano huo hadi asilimia 8. Sampuli 52 huushusha chini ya nusu ya asilimia moja. Hesabu hiyo inapendeza, na wengi huishia hapo. Lakini imesimama juu ya neno "bahati nasibu". Kama wakulima hupulizia dawa mwisho wa wiki, kwa sababu ndipo vijana wanapokuwa nyumbani kusaidia, basi Jumanne zote 52 za mwaka zinaweza kuyakuta maji yameshajisafisha. Hutaona kosa lolote kwenye jedwali. Utaona mwaka mzima wa maji mazuri, na mpango wa mwaka ujao utapunguzwa kwa sababu "hakuna tatizo".

Mwongozo wa kupima maji uliotolewa na UNEP na WHO mwaka 1996 hutajwa sana katika mipango ya aina hii. Kwa vituo vya kufuatilia mwelekeo wa mito, unapendekeza sampuli 12 kwa mwaka pale bonde linapokuwa kubwa, kama kilomita za mraba 100,000, na 24 pale linapokuwa dogo, kama 10,000. Wengi hushika ile 12 na kuacha sababu yake. Bonde kubwa hubadilika polepole kwa sababu maji ya vijito vingi huchanganyika na kusawazishana. Bonde dogo hushtuka haraka. Sasa kaunti nzima ya Kirinyaga haifiki kilomita za mraba 1,500. Anayeweka sampuli 12 kwenye mfereji wa Mwea kwa kutegemea mwongozo huo ameusoma kinyume.

Kuna pia saa ya siku, na huu ndio upofu ninaoukuta mara nyingi kuliko mwingine wote. Mchana, mwani na majani ya majini hutoa oksijeni kwa nguvu ya jua. Usiku kila kiumbe majini huvuta oksijeni, na hakuna anayeitoa. Kwa hiyo oksijeni huwa chini kabisa alfajiri, kabla jua halijapanda, na huwa juu alasiri. Samaki hufa alfajiri. Ofisa anayefika saa nne asubuhi hukuta kipimo kinachopanda, anakiandika, anaondoka. Uchachu wa maji nao hufuata jua: mwani ukifyonza hewa ya ukaa, uchachu hupungua, yaani pH hupanda, alasiri, na pH ikipanda sehemu kubwa zaidi ya amonia iliyomo hugeuka kuwa ile inayodhuru samaki. Bakteria wa kinyesi huenda kinyume, kwa kuwa jua kali huwaua. Maji yaliyoonekana salama saa saba mchana huenda hayakuwa hivyo saa kumi na mbili asubuhi, wakati akina mama wanajaza madumu. Vipimo 30 vya saa nne asubuhi vinakueleza kuhusu saa nne asubuhi, hata ukiongeza vingine 30.

Ushauri wangu kwa kila anayeanza ni kutumia sehemu nzuri ya fedha za mwaka wa kwanza kuyajua maji kabla ya kuyawekea ratiba. Chagua kituo kimoja kilicho chini ya kijiji. Kaa hapo siku moja nzima, usiku na mchana, ukipima kila baada ya saa 2: joto, oksijeni, pH, upitishaji umeme, tope, na sampuli chache za bakteria. Rudia msimu mwingine, lango likiwa katika hali nyingine. Kazi hiyo ya mikesha miwili itakuonyesha kipimo gani hutembea kwa saa, kipi kwa siku, na kipi hakisogei kwa miezi. Baada ya hapo idadi hujipanga karibu yenyewe.

Chukua chumvi. Mkulima anataka kujua kama maji yatachosha udongo wake. Mwongozo wa FAO wa 1985 unasema upitishaji umeme ukiwa chini ya 0.7 dS/m hakuna kizuizi kwa kumwagilia, na ukipita 3.0 kizuizi ni kikubwa. Maji yanayotoka mlimani yana chumvi kidogo na kipimo hicho hubadilika polepole. Kwenye banio, mara moja kwa mwezi inatosha, pengine hata chini ya hapo. Kwenye mtaro wa mwisho, ambako maji yamepita jaruba hata jaruba huku yakipungua kwa jua, pima mara nyingi zaidi wakati wa ukame. Na kwa kuwa kifaa chake ni kidogo, cha mkononi, na jibu lake ni la papo hapo, hakuna sababu ya kulisafirisha swali hilo hadi maabara.

Kichocho kina saa ya namna nyingine. Kile cha Mwea ni cha tumbo, kiletwacho na mnyoo aitwaye Schistosoma mansoni, na konokono anayemlea ni wa jamii ya Biomphalaria. Mtoto wa mnyoo akiingia kwenye konokono hukaa humo wiki 4 hadi 5 hivi, ndipo konokono aanze kutoa viluwiluwi vinavyopenya ngozi ya mtu. Huvitoa kwa mwanga, kwa wingi zaidi kuelekea adhuhuri, na viluwiluwi hivyo haviishi majini zaidi ya siku moja au mbili. Kuvitafuta kwenye chupa ni kazi ngumu yenye faida ndogo. Hesabu konokono, na usiache pengo linalozidi wiki 4, kwa sababu ukikaa miezi miwili kizazi kizima kimeshaambukizwa na kimeshaanza kuambukiza. Hapa idadi haikutoka kwenye bajeti wala kwenye jedwali la kigeni. Imetoka kwenye maisha ya konokono.

Kahawa ndiyo iliyonishawishi zaidi kwamba saa ni muhimu kuliko idadi. Juu ya Mwea, kwenye miteremko ya Kirinyaga, kuna viwanda vingi vya kumenya kahawa, na maji hayo hayo ya mlimani ndiyo yanayotumika. Msimu mkubwa ni Oktoba hadi Desemba. Wakulima huchuma mchana na kuleta kahawa mbichi alasiri, na lazima imenywe siku hiyo hiyo, kwa hiyo mashine hufanya kazi jioni na kuingia usiku. Maji yaliyobaki yana sukari na ute mwingi, na bakteria wanapovila hula na oksijeni ya maji. Kiwanda chenye mashimo mazuri ya kuzuia hakileti shida. Kisichokuwa nayo humwaga usiku, na kwa mwendo wa maji wa kilomita moja au mbili kwa saa, maji hayo hufika mabanioni usiku wa manane au alfajiri, saa ile ile ambayo oksijeni tayari iko chini. Sampuli 3 za alfajiri katika wiki moja ya Novemba zina thamani kuliko sampuli za asubuhi za mwaka mzima, kama swali lako ni kahawa.

Mbolea nayo ina dirisha lake. Urea ikimwagwa kwenye jaruba lenye maji, amonia hupanda majini ndani ya siku chache na kushuka tena, kwa kawaida baada ya wiki moja hivi au zaidi kidogo. Mkulima akifungua tuta lake katika siku hizo, mtaro hupokea mbolea aliyoilipia. Kwa hiyo pima mtaro wa kutolea siku ya 1, ya 3, ya 5 na ya 10 baada ya eneo fulani kuweka mbolea ya kukuzia, kisha uuache upumzike. Sampuli 4 zilizokusanywa pamoja hivyo hueleza kisa kizima. Sampuli 4 zilizotawanywa Januari, Aprili, Julai na Oktoba hazielezi kitu. Na matokeo yake yana faida ya mara mbili, kwani mkulima akionyeshwa nitrojeni iliyotoroka shambani mwake hahitaji mahubiri ya mazingira.

Mvua ya kwanza ya vuli iwekewe chupa zake za akiba. Kinyesi, mafuta na vumbi la miezi ya kiangazi huingia mferejini kwa saa chache za mwanzo. Huwezi kuipangia tarehe. Unaweza kupanga mtu, chupa, na ruhusa ya kutoka bila kusubiri sahihi ya mtu mwingine.

Mtazame mchukuaji sampuli mzuri akiwa kazini. Hasimami juu ya mahali atakapochota, kwa sababu miguu yake itatibua tope. Anaelekea upande yanakotoka maji. Chupa ya kemikali anaisuuza mara tatu kwa maji ya mfereji. Ile ya bakteria haisuuzi, imeshatakaswa, na kifuniko chake anakishika bila kukigusa ndani. Anaizamisha mdomo ukiwa chini, kisha anaigeuza ielekee mkondo, chini kidogo ya uso wa maji. Anaacha nafasi ndogo ya hewa. Anaandika saa, siyo tarehe tu. Halafu anaandika mambo ambayo fomu nyingi hazina hata mstari wake: lango liko wazi kiasi gani, maji yamefika alama ipi ya kipimo cha kina, jana kulinyesha au hapana, nani anafua juu. Anamuuliza mama aliye kwenye jiwe la kufulia, "Mama, maji ya asubuhi yalikuwaje?" na jibu lake linaandikwa pia. Namba isiyokuwa na maelezo hayo haiwezi kulinganishwa na nyingine, hata zikiwa 50.

Kisha kuna barafu. Sampuli ya bakteria hutakiwa ianze kupimwa ndani ya saa 6 kwa uzuri, na isizidi 24, ikiwa imehifadhiwa baridini. Kupima E. coli kwa kuotesha huchukua takriban siku nzima. Kipimo cha BOD, yaani oksijeni inayoliwa na bakteria wanapovunja uchafu, huchukua siku 5 kwa nyuzi 20. Maana yake ni kwamba sampuli ya alfajiri ya Ijumaa, iliyo muhimu kuliko zote, ndiyo inayofika maabara wakati watu wanajiandaa kufunga. Hili humaliza mipango mingi mizuri. Dawa yake ni kifaa cha kubebeka cha kuoteshea bakteria kinachokaa karibu na mfereji, pamoja na makubaliano na maabara kuhusu siku za kahawa na mbolea, yaliyoandikwa kabla ya msimu.

Pale ambapo fedha haitoshi kabisa, tumia viumbe. Afrika Kusini wana mfumo uitwao SASS wa kusoma afya ya mto kwa wadudu na wanyama wadogo wa majini, na Tanzania wana wa kwao, TARISS. Mdudu aliyekaa majini wiki nyingi ameonja kila kilichopita, usiku na mchana, Jumanne na Jumapili. Nauheshimu sana utaratibu huo, lakini ulitengenezwa kwa mito yenye mawe na maji yasiyokatika. Mfereji wa udongo unaokauka kwa zamu utakosa wadudu wengi hata ukiwa safi. Kwa hiyo utumike kwenye mto, juu ya banio, na chini pale mitaro inaporudi mtoni.

Idadi ndogo huleta hatari nyingine kwenye ripoti za kitaifa. Katika kiashiria 6.3.2 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu, maji huhesabiwa kuwa mazuri iwapo angalau asilimia 80 ya vipimo vimekidhi viwango. Ukiwa na vipimo 5 na kimoja kibaya, umepata asilimia 80 na maji ni mazuri. Ukiwa na 4 na kimoja kibaya, umepata 75 na maji ni mabaya. Mfereji ni ule ule. Tofauti ni gari kuharibika siku moja.

Mwaka ukiisha, weka matokeo yote mezani na wagawa maji wakiwepo. Kipimo ambacho hakijasogea kwa miezi 12 kwenye kituo fulani kipunguzwe hadi mara mbili kwa mwaka. Kituo kinachotoa majibu yale yale na jirani yake kifungwe. Metali nzito, kama hakuna kiwanda kinachozitoa wala machimbo juu, zipimwe mara moja kwa mwaka kwenye tope la chini badala ya majini. Kilichookolewa hapo kinunue barafu, mafuta ya pikipiki na posho ya mtu wa usiku kwa zile wiki za Novemba na zile siku 10 za mbolea.